Aliyekwenda Nosy Be Bila Kushuka

Mtaani kwetu Antanimasaja, mtu hakupanda meli bila sababu. Alipanda kwenda kuzika, kuoa, kuuza, kununua, au kumkimbia mtu. Jirani yetu alipanda meli ili akae melini. Kila mwaka, mvua zikishakatika, alikunja jamvi lake, akafunga mlango, akamwachia mama yangu ufunguo na kuku, kisha akateremka bandarini Mahajanga kupanda meli ya pwani iliyopitia Analalava hadi kisiwa cha Nosy Be. Akifika Nosy Be hakushuka. Alikaa melini muda wote meli ilipokuwa ikipakia sukari na pilipili manga, kisha akarudi nayo. Ukimwuliza alikwenda kufanya nini huko, alikujibu kwamba alikwenda likizo, na neno hilo alilitamka kama watu wa ofisini, vakansi, huku ameinua kidevu.

Ilikuwa ile miaka ya mwanzo ya uhuru. Meli ilipeperusha bendera mpya nyuma, ingawa nahodha alikuwa Mfaransa yule yule na honi yake ile ile. Makarani wetu walikuwa wameanza kuzungumzia likizo zao barazani, fulani anakwenda Amborovy kupunga upepo, fulani anakwenda bara. Jirani aliwasikiliza, akasema kama uhuru umekuja basi umekuja kwa wote, na yeye anachukua likizo yake, asubiri nani amsainie? Wanaume walicheka. Yeye hakucheka, alikuwa anasema kweli.

Sisi watoto tulimwita Koko, yaani bibi kwa Kingazija, ingawa hakuwa bibi wa yeyote kati yetu na hakujaaliwa mtoto. Wakubwa walimwita Jirani, hata wale waliokaa mbali, Tsaramandroso huko. Nayaandika maneno yake kwa Kiswahili, lakini mwenyewe aliyasema kwa Kingazija kilichochanganyika na Kisakalava cha sokoni, na akitaka kukumaliza kabisa alikutupia Kifaransa kidogo. Kiswahili kwetu kilikuwa kimebaki katika dua, katika majina ya pepo za bahari na kamba za jahazi, na midomoni mwa wazee wachache.

Mwaka mzima aliuza vitumbua. Aliamka kabla ya adhana, na mimi niliyelala chumba kilichopakana na jiko lake niliamshwa zaidi na kishindo cha kinu chake kuliko sauti ya mwadhini. Alikuwa mnene, mwenye sauti ya kufika ng'ambo, na hakuweza kupita mlango wa mtu bila kuuliza kimepikwa nini. Ukimwambia, alikwambia ulivyokosea kukipika. Tulimpenda, lakini akisafiri mtaa ulipumua.

Sasa, kwetu habari ya safari haifichiki. Mtu akinong'onezwa kuwa unakwenda Nosy Be, jioni yake uwanja umejaa vifurushi: samaki mkavu wa shangazi, kitambaa cha binti, dawa ya mtoto, chupa tatu za achari ya maembe, na kuku hai mmoja ambaye hakuna aliyekiri kumleta. Kukataa ni utovu wa adabu. Jirani alikataa. Alisimama mlangoni mikono kiunoni akasema, “Mimi si gari la mizigo. Salamu nipeni, salamu hazina uzito.” Basi watu walimpa salamu, na alizipokea zote, na Mungu ni shahidi alizifikisha zote. Meli ilipotia nanga mbele ya Hell-Ville, mji wa Nosy Be, mashua za wachuuzi zikaja ubavuni, yeye aliinama kwenye uzio na kuzimwaga moja moja: mke wa fundi seremala amejifungua mvulana, mzee wa msikiti mdogo anauliza kwa nini kimya, na wewe mwenye kanga ya manjano, mama yako anasema rudi nyumbani. Nasikia mji mzima ulijua siku anayofika, na waliokuwa na mambo ya siri walikaa ndani.

Kuhusu namna ya kushinda baharini, alikuwa na mafunzo, na aliyatoa bure kwa yeyote aliyemkaribia. La kwanza lilikuwa kivuli. Abiria wa sitahani, alisema, hukimbilia pale penye nafasi asubuhi, wakaungua mchana kutwa. Mwenye akili huuliza meli inaelekea wapi, jua litapita wapi, ndipo atandike jamvi. Na usitandike karibu na jiko hata kama unapenda kula, kwa maana harufu ya chakula cha daraja la kwanza itakutia uchungu wa bure. La pili lilikuwa majirani. Usifanye urafiki siku ya kwanza. “Nchi kavu ukimchoka mtu unahama,” alisema. “Baharini utahamia wapi?” Siku ya kwanza salimia, tabasamu, fumba macho. Siku ya pili utakuwa umeshajua nani anakoroma, nani anaomba chumvi kila saa, nani ana mtoto wa kulia, na utachagua rafiki kwa macho makavu. Ndivyo alivyosema, lakini honi ya kwanza haijalia alikuwa ameshajua ukoo wa kila aliyeketi karibu naye.

La tatu lilikuwa kutopika. Wanawake wetu walipanda meli na majiko ya mkaa, masufuria, michi, utadhani wanahama. Yeye alibeba chakula kilichokwisha kupikwa, mkate wa nazi na samaki wa kukaanga, na kikiisha alinunua kwa mpishi wa meli. Kulipa ili mwanamume akupikie, akupakulie na akuoshee sahani, hiyo kwake ndiyo ilikuwa likizo yenyewe. Bahari ilikuwa nyongeza. Kuna methali inayosema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yeye alisema ndiyo maana anapenda meli, maana hakuna anayeweza kukupa jembe, hakuna pa kulima.

Juu yake, kwenye sitaha ya daraja la kwanza, kulikuwa na watalii wa Kizungu kwenye viti vya turubai. Jirani aliwatazama kwa makini kila safari. Kulikuwa na mama mmoja mwembamba aliyelala kwenye kiti tangu asubuhi hadi jioni na kofia usoni, na Jirani alimstahi sana. “Yule anajua kazi yake,” alisema. Alijaribu kumwiga. Akalala chali, akajifunika uso kwa ncha ya kanga, na akatulia kwa muda wa kusoma Fatiha labda mbili. Kisha akainua kanga kumwuliza mpishi ule mchele unaochaguliwa pale unachaguliwaje na mawe yanaonekana tangu huku. Nilivyosikia, katika kila safari yake hakuna punje iliyoingia jikoni bila kupita kwenye ungo wake. Alisema anapumzisha mikono.

Nilisema alikuwa na mafunzo. Alikuwa pia na kigeugeu, na chote kilihusu Nosy Be. Alisema mji ule haumhusu. Lakini siku ya kuufikia, yeye aliyeshinda baharini na kanga mbili zilizopauka, alijipaka liwa alfajiri, akainawa, akavaa nguo mpya iliyokuwa chini ya mfuko, akatia dhahabu masikioni, akasimama upande wa mji. Alisema harufu ya mlangilangi inayotoka kwenye mashamba ya kisiwa kile inamwumiza kichwa, na upepo ukiileta alifumba macho na kuivuta hadi ndani. Na akimaliza kumwaga salamu za watu, aliuliza kwa sauti ndogo isiyokuwa yake, “Na kwenye ile nyumba ya bati jekundu, wazima?” Wachuuzi walijibu, “Wazima.” Hakuuliza zaidi.

Nyumba ya bati jekundu ilikuwa ya mdogo wake wa kike, tumbo moja.

Kisa hiki kila mtu mtaani alikijua, na kila mtu alikuwa na upande wake. Katika harusi ya ada, ile harusi kubwa ya Kingazija ambayo familia huiwekea akiba mwaka hadi mwaka, ng'ombe hagawiwi ovyo. Kila mtu ana fungu lake na kila fungu lina maana: fungu la wajomba, fungu la mama wa bibi harusi, fungu la watu baki waliokuja kushangilia. Na kwetu, dada wa mama ni mama. Mama mkubwa hupokea fungu la mama, ndani ya nyumba, mbele ya watu. Mdogo wake Jirani alipomwoza binti yake huko Nosy Be, Jirani alikwenda mwezi mzima kabla. Alipika, alishona, alitwanga, alilipa. Siku ya kugawa nyama, vijana waliokuwa wakigawa walihesabu watu kwa miji. Wakapanga sinia moja wakaliita la watu wa Mahajanga, wageni waliokuja na meli, wakalipeleka nje barazani. Fungu la Jirani lilikuwa humo, pamoja na la mpiga ngoma na la wauza kamba wawili.

Kosa lilikuwa la vijana. Lakini sinia likishatoka mbele ya wajomba halirudishwi. Kulirudisha ni kuwaambia wajomba mbele ya mji kwamba hawajui kugawa. Mdogo wake aliliona likipita, akanyamaza. Jirani alimwona akinyamaza. Hakugusa nyama. Alikaa hadi harusi ikaisha, akaaga kila mtu kwa adabu, na alipofika kwa mdogo wake akasema, “Mtu baki anakushukuru kwa kumkaribisha.” Akapanda meli. Mwaka uliofuata alirudi kwa meli ile ile, akakaa mbele ya mji siku tatu, hakukanyaga ardhi. Kama yeye si wa nyumba, alisema, basi nyumba haina haki ya kumwona mlangoni. Yeye ni mtalii, na watalii hutazama.

Mama yangu alisema kwenda hadi pale kila mwaka na kutoshuka ni kujitesa, ama ashuke ama asiende. Baba alisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, akaendelea kunywa kahawa yake. Mimi nilidhani anajikomoa, na nilimwonea huruma, ingawa ukimwonea huruma Jirani ilibidi uifiche.

Mdogo wake naye hakuwa mtu wa kushindwa. Hakuja ufukweni hata mara moja. Lakini mwaka ule wa kwanza meli ilipotia nanga, mashua ilileta chungu cha wali wa nazi na pweza, kimefunikwa jani la mgomba, bila salamu wala jina. Jirani alikitazama chungu. Alijua mkono uliopika. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu, mgombane msigombane, basi alikila, akakiosha, akatia ndani vitumbua alivyokuwa amebeba, akakirudisha kwa mashua ile ile, naye bila salamu. Ikawa desturi. Miaka yote ile dada wawili hawakusemezana neno, na chungu hakikukosa kwenda na kurudi. Jirani alisema ni biashara ya vyombo tu. Lakini vitumbua vya chungu kile alivichoma peke yake usiku wa kuamkia safari, na ukinyoosha mkono ulipigwa.

Mwaka niliosafiri naye, nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya bandari, nimepata likizo yangu ya kwanza ya kweli. Magoti yake yalikuwa yameharibika. Kwetu abiria walifikishwa melini kwa mashua, kisha wakapanda ngazi ya ubavuni, na mwaka wa nyuma mabaharia wawili walikuwa wamembeba kama gunia, jambo ambalo hakulisamehe. Alitangaza mtaani kwamba hii ndiyo safari ya mwisho. Mama akanituma nimshike mkono.

Sikumsaidia kitu. Tulipotoka tu nje ya ghuba nilitapika, na nikaendelea kutapika hadi Analalava, na yeye niliyekabidhiwa ndiye aliyenishika kichwa, akanipa ndimu ninuse, akanikataza kutazama maji. “Tazama watu,” alisema. “Watu hawayumbi sana.” Nikatazama watu. Kufika siku ya pili nilikuwa nimepona na nimeelewa kitu: kukaa chini ya kivuli bila kazi, bila taarifa ya kuchapa, ukisikiliza wanawake wawili wasiojuana wakibishana juu ya bizari, ni raha ambayo sikuwahi kuambiwa ipo. Nilimwambia hivyo. Alifurahi sana, akaniita mwanafunzi, na akanionyesha pomboo waliokuwa wakicheza mbele ya meli kana kwamba amewaleta yeye.

Tulitia nanga mbele ya Hell-Ville asubuhi. Alikuwa amevaa, amejipamba. Akamwaga salamu. Mashua za wachuuzi zikaja na ndizi, na nazi, na maua. Chungu hakikuja. Alisema bado mapema. Mchana hakikuja. Siku ya pili sukari ikapakiwa na chungu hakikuja, na yeye hakula hata alichonunua kwa mpishi. Jioni aliniambia, “Waulize kama kuna msiba kwenye nyumba ile. Uliza wewe, mimi siwezi.” Nikawauliza wachuuzi wa mwisho wa siku ile. Walisema hawajasikia msiba, ila mwenye nyumba hawakumwona sokoni wiki nzima. Sijui kwa nini niliwauliza wale na si wengine, maana jibu lao lilimfanya akae macho usiku kucha akisoma kila dua anayoijua.

Siku ya tatu ilikuwa ya kuondoka. Asubuhi akashika uzio, akatazama ngazi, akatazama maji chini, akaniambia nimwite baharia amshushe. Nikamwambia, “Koko, ukishuka kupanda tena hutaweza.” Akasema, “Najua. Mwite.”

Nilikuwa bado namtafuta baharia nilipoona mashua moja ikija peke yake. Ndani alikaa mwanamke mwembamba mwenye nguo ya nyumbani, hata liwa haijanawika vizuri usoni, ameshika ubao wa mashua kwa mikono miwili. Nilimjua bila kuambiwa, kwa kidevu. Alipanda ngazi polepole, akisimama kila hatua kukohoa, na alipofika juu watu walimpisha. Wakatazamana.

“Ulikuwa mgonjwa,” Koko alisema.

“Kifua. Nimeinuka leo.”

“Ungetuma mtu.”

“Nimetuma watu miaka yote.” Aliketi kwenye jamvi letu bila kukaribishwa, akapumua. “Wachuuzi walisema umetangaza hii ndiyo safari ya mwisho. Nikajilaza pale nikafikiri, basi atapita. Dada, lile sinia niliona likipita. Kulirudisha mbele ya wajomba nisingeweza. Lakini kukufuata barazani nikakwambia wewe ni mama wa mwanangu, hilo ningeweza. Sikulifanya. Niliona haya, kisha nikaona haya ya kuona haya.”

Honi ikalia, na baharia akapita akisema wasiosafiri washuke.

“Shuka,” Koko alisema. “Meli inaondoka.”

“Nimesikia.”

“Basi shuka, utachukuliwa.”

“Shuka nami.”

“Magoti yangu, mdogo wangu. Nilikuwa nataka kubebwa. Sasa hakuna wakati.”

Mdogo wake aliinamia magoti yale, akayatazama, kisha akamtazama baharia aliyekuwa anarudi, na akajisogeza katikati ya jamvi. Chini mwenye mashua alikuwa akipiga kelele kwamba wanainua nanga. Yule mwanamke aliinama kwenye uzio, bila kiatu mguuni, bila mfuko, bila tiketi, akamwambia, “Nenda nyumbani uwaambie niko kwa dada.”

Mimi nilikwenda kuzungumza na mhudumu habari ya nauli, na nilipewa maneno mengi ambayo sikuyasikia, kwa sababu nilikuwa nageuka nyuma kila mara. Niliporudi kisiwa kilikuwa kimeanza kusogea. Mdogo wake alikuwa amejifunga kanga mpya ya dada yake, akikitazama kwa hofu kidogo, maana nadhani alikuwa hajakiona kutoka mbali miaka mingi. Akatazama huku na huku, viti vya turubai vya juu, majiko ya mkaa, wanaume waliolala.

“Haya,” alisema. “Na huku mchana kutwa huwa mnafanya nini?”

Nilingoja nisikie habari za kivuli, na za jiko, na za marafiki wa siku ya pili.

“Mimi nilikuwa nakungoja wewe,” Koko alisema, na akalia mbele ya abiria wote, wala hakujifunika uso.